Robo Kilo ya Dawa kwa Mwaka: Bei Yake Hutoka Wapi?

Mtu mzima anayeishi na virusi vya HIV mjini Sagana, Kirinyaga, nchini Kenya, kama wenzake wengi kote nchini, humeza kidonge kimoja kila siku. Kidonge hicho huitwa TLD. Ndani yake mna dawa tatu: tenofoviri miligramu 300, lamivudini miligramu 300, na dolutegraviri miligramu 50. Jumla ni miligramu 650. Zidisha kwa siku 365, kisha ugawe kwa elfu moja upate gramu: 237. Kwa hiyo dawa ya mwaka mzima, ukiondoa unga wa kujazia kidonge, ganda lake na chupa, haifikii uzito wa pakiti ya sukari ya robo kilo. Na kwa dawa hiyo mtu anaendelea kulima mpunga, kuendesha matatu na kulea watoto, badala ya kulala kitandani akisubiri kifo.

Sasa turudi nyuma hadi mwaka wa 2000. Mchanganyiko mmoja uliotumika wakati huo ulikuwa wa stavudini, lamivudini na nevirapini. Ukijumlisha dozi zake za kila siku unapata miligramu 780, yaani gramu 285 hivi kwa mwaka. Zikinunuliwa kutoka kwa kampuni zilizokuwa na haki nazo, dawa hizo zilimgharimu mgonjwa mmoja zaidi ya dola 10,000 za Marekani kwa mwaka. Gawanya kwa uzito: dola 35 kwa kila gramu. Dhahabu mwaka huo iliuzwa kwa takriban dola 9 kwa gramu.

Februari 2001 kampuni ya Cipla ya India, chini ya Yusuf Hamied, ikatangaza kwamba italiuzia shirika la Madaktari Wasio na Mipaka dawa hizo hizo tatu kwa dola 350 kwa mwaka. Hakuna atomi hata moja iliyobadilika. Basi zile dola nyingine zaidi ya 9,600 zilikuwa zinalipia nini? Nataka tulifuate swali hili hatua kwa hatua, kwa sababu wengi wetu tumezoea kudhani kwamba dawa ghali ni ghali kwa kuwa ni ngumu kutengeneza, na dhana hiyo imewagharimu watu maisha.

Tuanze na molekuli. Molekuli moja ya dolutegraviri ina atomi 49: kaboni 20, hidrojeni 19, oksijeni 5, nitrojeni 3 na florini 2, zimeshikana kwa mpangilio mmoja tu. Virusi vya HIV vikishaingia ndani ya seli ya mtu hulazimika kupachika jeni zao katikati ya jeni za seli hiyo ili vizaane. Kazi ya kupachika hufanywa na kimeng'enya cha virusi kiitwacho integresi, ambacho ndani yake mna chembe za magnesi zinazosaidia kukata na kuunga. Dolutegraviri ina umbo linaloingia pale pale na kuzishika chembe hizo. Kimeng'enya kinakwama, na virusi haviwezi kuendelea. Hayo yote hutokana na umbo. Molekuli iliyotengenezwa Uingereza, iliyotengenezwa Hyderabad na iliyotengenezwa kwingineko, zikiwa na atomi zile zile kwa mpangilio ule ule, ni kitu kimoja. Mwili hauna namna ya kuzitofautisha, wala virusi havina.

Kuitengeneza molekuli ambayo tayari inajulikana ni kazi ya kiwanda. Unanunua kemikali za mwanzo, unazichanganya kwa joto na muda uliopimwa, unachuja, unakausha, unapima usafi. Kunahitajika wakemia hodari, mitambo, maji safi na umeme usiokatika. Lakini kadiri unavyotengeneza kwa wingi, ndivyo gharama ya kila gramu inavyoshuka. Ndiyo maana bei ya zile dawa tatu haikukomea dola 350. Viwanda kadhaa vya India viliposhindana, ilishuka hadi chini ya dola 100 kwa mwaka kabla ya muongo ule kwisha.

Kuigundua molekuli hiyo ni habari nyingine kabisa. Mkemia hajui mapema ni umbo lipi litakwamisha kimeng'enya na lisidhuru ini. Hujaribu mamia au maelfu ya maumbo. Machache yanayofaa hujaribiwa kwa wanyama, kisha kwa watu wachache wazima wa afya, kisha kwa wagonjwa mamia, kisha kwa maelfu. Dawa nyingi huanguka njiani, baadhi zikiwa zimeshafika mwisho mwisho, na fedha zilizotumika hazirudi. Makadirio ya gharama ya kuifikisha dawa moja mpya sokoni yanatofautiana sana: watafiti wa Chuo Kikuu cha Tufts walitaja dola bilioni 2.6 mwaka wa 2014, na uchunguzi mwingine uliochapishwa mwaka wa 2020 ukapata kiwango cha kati kisichofika dola bilioni moja. Tofauti hiyo peke yake inatuonyesha jinsi hesabu za kampuni zilivyo ngumu kukaguliwa kutoka nje. Hata hivyo gharama ipo, na ni kubwa. Anayesema kwamba kampuni za dawa hazitumii kitu hasemi kweli.

Hapa ndipo tatizo lilipo. Kidonge cha kwanza ni ghali mno, kidonge cha pili ni rahisi. Kama kila mtu angeruhusiwa kuiga siku ya kwanza, aliyegundua angeuza kwa bei ya mwigaji na asingerudisha fedha zake. Nchi zilizoendelea zilitafuta dawa ya tatizo hilo katika sheria, na dawa yenyewe ni hataza.

Hataza ni mapatano kati ya mvumbuzi na umma. Mvumbuzi anaandika wazi uvumbuzi wake na jinsi ya kuutengeneza, kwa namna ambayo mtaalamu mwingine akisoma ataweza kurudia. Kwa malipo ya uwazi huo, umma unampa haki ya kuwazuia wengine wasitengeneze, wasiuze wala kuagiza kitu hicho kwa muda maalumu, ambao leo ni miaka 20 tangu siku ya kuomba. Uvumbuzi sharti uwe mpya, usiwe jambo ambalo mtaalamu yeyote angeliona waziwazi, na uwe na matumizi viwandani. Miaka 20 inaonekana mingi, ila kampuni huomba mapema, na majaribio huweza kula miaka kumi kabla ya dawa kuruhusiwa kuuzwa. Katika miaka inayobaki, mwenye hataza hana mshindani. Bei hupangwa kwa kuangalia mnunuzi ataweza kulipa hadi wapi. Kwa mgonjwa wa Marekani mwenye bima, hadi hapo ni mbali sana. Na mwaka wa 2000 bei hiyo hiyo, au inayoikaribia, ndiyo iliyokuwa ikiletwa hapa kwetu. Hilo ndilo jibu la sehemu kubwa ya zile dola 9,600: hazikuwa gharama ya dawa, zilikuwa thamani ya ruhusa.

Niseme pia jambo ambalo halisemwi vya kutosha. Zidovudini, au AZT, dawa ya kwanza ya HIV kuidhinishwa, Machi 1987, ilitengenezwa kwa mara ya kwanza mwaka wa 1964 na Jerome Horwitz huko Detroit, akitafuta dawa ya saratani kwa fedha za serikali ya Marekani. Haikufaa kwa saratani na hakuichukulia hataza. Miaka ishirini baadaye, kampuni ya Burroughs Wellcome, ikisaidiana na watafiti wa taasisi za afya za serikali, ilichukua hataza ya kuitumia dhidi ya HIV, na ikaitoza maelfu ya dola kwa mwaka. Umma ulilipia mwanzo, kisha ukalipishwa tena mwishoni.

Kuna jambo moja kuhusu hataza ambalo likieleweka, mengine yote hufuata: hataza haivuki mpaka. Hataza iliyotolewa Marekani haina nguvu Kenya. Ili kampuni iwazuie wengine hapa, lazima iombe na ipewe hataza na taasisi yetu ya mali ya viwanda, KIPI, jijini Nairobi, au kupitia shirika la kanda la ARIPO lililoko Harare, ambalo Kenya ni mwanachama wake. Na kila nchi iliandika sheria yake kwa namna yake.

India ndiyo iliyoonyesha uzito wa jambo hilo. Sheria yake ya mwaka 1970 iliondoa hataza juu ya dawa yenyewe, ikabakiza hataza juu ya njia ya kuitengeneza tu. Kwa mkemia tofauti hiyo ni kubwa mno, kwa sababu molekuli moja huweza kufikiwa kwa njia nyingi: unabadilisha mpangilio wa hatua, unatumia kemikali nyingine ya kuanzia, unafika pale pale. Wakemia wa India wakapata miaka zaidi ya thelathini ya kujifunza kutafuta njia hizo. Cipla ya mwaka 2001 ilikuwa tunda la sheria hiyo.

Lakini kufikia wakati huo dunia ilikuwa imeshafunga mlango. Aprili 1994, mjini Marrakesh, nchi zilitia saini mkataba wa TRIPS, ulioanza kutumika Januari 1995 pamoja na Shirika la Biashara Duniani (WTO). Mkataba huo unazitaka nchi wanachama zitoe hataza juu ya dawa zenyewe, kwa miaka 20. Nchi zinazoendelea zilipewa muda wa kujirekebisha, na India ikautumia hadi mwanzo wa 2005. Nchi maskini zaidi, kama Uganda, Tanzania na Rwanda, zimesamehewa kwa upande wa dawa hadi mwaka 2033. Kenya haimo katika orodha hiyo. Kwa hesabu za Umoja wa Mataifa sisi si miongoni mwa nchi maskini zaidi, ingawa mgonjwa wa Sagana na mgonjwa wa Mbale nchini Uganda hawatofautiani sana mfukoni. Muda wetu ulikwisha mwaka 2000.

Tazama basi hali ilivyokuwa. Novemba 1999 Rais Moi alitangaza Ukimwi kuwa janga la kitaifa. Dawa zilikuwapo duniani, molekuli zilijulikana, viwanda vilikuwapo ng'ambo ya Bahari ya Hindi, na sheria ikatutaka tuheshimu bei ambayo hakuna familia ya Kirinyaga ingeiweza. Wakenya waliojiunga katika muungano wa kupigania dawa muhimu, wakiwemo watu walioishi na virusi wenyewe, wakaisoma TRIPS kifungu kwa kifungu wakatafuta nafasi zilizoachwa ndani yake. Walizipata. Juni 2001 Bunge likapitisha Sheria ya Mali ya Viwanda.

Vifungu viwili vya sheria hiyo vinastahili kueleweka na kila mwananchi. Kifungu cha 58(2) kinahusu dawa ambayo tayari imeshauzwa kihalali katika nchi nyingine. Chukua mfano wa kubuni: kampuni inauza dawa yake kwa shilingi 1,000 Nairobi na kwa shilingi 300 Mumbai. Kifungu hiki kinamruhusu Mkenya kununua ya Mumbai na kuileta hapa, kwa hoja kwamba mwenye hataza akishauza, amekwisha kupokea malipo yake na hawezi kuifuata bidhaa hiyo popote iendako. Mwaka wa 2002 maneno yaliingizwa kimyakimya kwenye kifungu hicho, yakitaka kibali cha waziwazi cha mwenye hataza kabla ya kuagiza. Maneno machache tu, lakini yalikuwa yanafuta maana yote. Wanaharakati wakayaona, wakapiga kelele, na mwaka huo huo Bunge likayaondoa.

Kifungu cha 80 kinampa waziri uwezo wa kuamuru uvumbuzi wenye hataza utumiwe na serikali, au na mtu aliyeteuliwa nayo, kwa ajili ya manufaa ya umma, mwenye hataza akilipwa fidia ya haki. Uwezo huu ni kama upanga uliomo alani: nguvu yake mara nyingi huonekana bila kuchomolewa. Kampuni ya Kenya ya Cosmos Limited ilipotaka kutengeneza dawa za HIV, mazungumzo yaliendeshwa kila upande ukijua kwamba sheria hiyo ipo, na mwaka 2004 ikapewa leseni za hiari na GlaxoSmithKline na Boehringer Ingelheim. Novemba 2001, mjini Doha, nchi wanachama wa WTO zilikuwa tayari zimethibitisha kwamba TRIPS haipaswi kuzuia nchi kulinda afya ya umma, na kwamba kila nchi ina uhuru wa kuamua sababu za kutoa leseni za lazima, yaani zisizosubiri ridhaa ya mwenye hataza.

Sasa tukifungue tena kile kidonge cha TLD, maana dawa zake tatu zilifika Sagana kwa njia tatu tofauti za kisheria.

Lamivudini ni ya zamani kuliko TRIPS. Sheria ya India ya 1970 haikuruhusu hataza juu yake, kwa hiyo viwanda vya India viliitengeneza bila kumwomba mtu, na leo hataza zake za msingi zimekwisha kila mahali. Tenofoviri ilianzia Prague kwa mkemia Antonín Holý. Molekuli yake ya asili haipenyi vizuri ukutani mwa utumbo, kwa hiyo kampuni ya Gilead ikaiongezea vipande vinavyoisaidia kupenya, ikaiweka katika umbo la chumvi, ikaomba hataza juu ya umbo hilo. Ofisi ya hataza ya India ililikataa ombi hilo mwaka 2009. India ilikuwa imeandika katika sheria yake mpya kwamba umbo jipya la dawa inayojulikana halistahili hataza isipokuwa liwe na nguvu kubwa zaidi ya tiba. Ni kifungu hicho hicho ambacho Mahakama ya Juu ya India ilikitumia Aprili 2013 kuikatalia Novartis hataza ya Glivec, dawa ya saratani ya damu. Kwangu mimi hiki ndicho kifungu chenye busara kuliko vyote katika habari hii, kwa sababu kinaiuliza kampuni swali la kisayansi: umempa mgonjwa kitu gani kipya?

Dolutegraviri, iliyoidhinishwa Marekani Agosti 2013, ilikuja na hataza kamili. Hiyo ilipita njia ya makubaliano. Shirika la Medicines Patent Pool, lililoanzishwa mwaka 2010, huziomba kampuni ziweke hataza zao kwenye kapu moja, kisha hutoa leseni kwa viwanda vingi viuzie nchi maskini na zile za kipato cha kati. Kampuni ya ViiV, yenye hataza ya dolutegraviri, ilikubali mwaka 2014. Mwaka wa 2017 Kenya ikawa miongoni mwa nchi za kwanza Afrika kuanza kutumia dolutegraviri ya jeneriki, na Septemba mwaka huo bei ya TLD ikafungwa kwa dola 75 hivi kwa mwaka. Agosti 2023 Mfuko wa Dunia wa kupambana na Ukimwi, kifua kikuu na malaria ukatangaza bei ya chini ya dola 45. Robo kilo ile ile.

Nimetumia neno jeneriki, yaani nakala halali ya dawa iliyogunduliwa na mwingine, na hapa lazima tusimame kidogo, maana pana watu wengi wanaosikia jeneriki wakafikiri bandia. Sheria yetu yenyewe iliwahi kuchanganya mambo haya. Sheria ya Kupambana na Bidhaa Bandia ya 2008 ilifafanua bidhaa bandia kwa maneno mapana kiasi kwamba kidonge halali cha jeneriki kingeweza kukamatwa bandarini kwa kuwa tu kinafanana na chenye haki miliki mahali fulani. Hofu hiyo haikuwa ya kubuni. Mei 2009 amoksisilini ya India iliyokuwa ikipelekwa Vanuatu ilizuiliwa na forodha mjini Frankfurt kwa wiki kadhaa, kwa sababu jina lake lilishukiwa kuingilia alama ya biashara ya Amoxil. Amoksisilini ndilo jina la molekuli yenyewe!

Patricia Asero Ochieng na wenzake wawili, wote wakiishi na virusi vya HIV, walikwenda Mahakama Kuu mwaka 2009. Aprili 20, 2012, Jaji Mumbi Ngugi akaamua kwamba vifungu vya 2, 32 na 34 vya sheria hiyo, vikitumika juu ya dawa za jeneriki, vinavunja haki ya kuishi, ya heshima ya utu na ya afya zilizomo katika Katiba yetu ya 2010, akaitaka serikali iangalie upya ufafanuzi ule. Haki ya mtu ya kuishi ilipimwa mbele ya hataza, na ikaonekana nzito zaidi.

Kisayansi, tofauti ya jeneriki na bandia hupimwa hivi. Dawa bandia hudanganya kuhusu kilichomo au kilikotoka: huenda haina dawa, ina nusu, au ina kitu kingine. Jeneriki haifichi kitu; hutaja molekuli, kiasi chake na kiwanda. Kabla ya kuikubali, watu wazima wenye afya, kwa kawaida wasiopungua kumi na wawili na mara nyingi zaidi ya ishirini, humeza dawa ya asili siku moja, na baada ya mapumziko humeza jeneriki. Damu yao hutolewa kila baada ya muda, na kiwango cha dawa katika damu huchorwa: kilipanda hadi wapi, na jumla yake ilikuwa kiasi gani. Kisha huhesabiwa uwiano wa michoro hiyo miwili pamoja na shaka yote ya kipimo, na shaka hiyo nzima lazima ikae kati ya asilimia 80 na 125. Wengine husikia namba hizo wakadhani jeneriki huruhusiwa kuwa na dawa pungufu kwa asilimia 20. Sivyo. Kiasi cha dawa ndani ya kidonge hubanwa karibu zaidi ya hapo, na ili shaka yote iingie ndani ya mipaka hiyo, wastani wenyewe lazima uwe karibu sana na asilimia 100. Tangu 2001 Shirika la Afya Duniani (WHO) hukagua viwanda na dawa kwa vipimo hivyo na kuchapisha orodha ya zilizofaulu.

Majirani zetu wamekuwa na nafasi ambayo sisi hatukuwa nayo. Uganda, kwa msamaha wake wa nchi maskini, iliwakaribisha Cipla, na kiwanda cha Luzira kikafunguliwa mwaka 2007. Rwanda ilisamehewa pia, lakini haikuwa na kiwanda, na msamaha bila kiwanda haumezwi. WTO ilikuwa imeweka utaratibu maalumu mwaka 2003 kwa nchi za namna hiyo. Rwanda iliomba Julai 2007, Canada ikatoa leseni ya lazima, kampuni ya Apotex ikatengeneza, na shehena ya kwanza ikasafiri Septemba 2008. Zaidi ya mwaka mmoja wa makaratasi, na baada ya hapo hakuna aliyerudia safari hiyo kwa utaratibu huo. Ni ushahidi kwamba haki ikiandikwa kwa masharti mengi kupita kiasi hubaki kwenye karatasi.

Na leseni za hiari nazo zina mipaka yake, maana anayetoa ndiye anayechagua. Lenakapaviri ya Gilead huchomwa mara mbili kwa mwaka na kumkinga mtu na HIV. Katika jaribio lililofanyika Uganda na Afrika Kusini, kati ya wanawake 2,134 walioipata, hakuna hata mmoja aliyeambukizwa. Marekani bei yake mwaka 2025 ilikuwa dola 28,218 kwa mwaka. Oktoba 2024 Gilead ilitoa leseni kwa viwanda sita viuzie nchi 120, na Septemba 2025 ikatangazwa kwamba jeneriki yake itauzwa kwa takriban dola 40 kwa mwaka kuanzia 2027. Kenya imo. Brazil, Argentina, Mexico na Peru, ambako watu walijitolea miili yao kwa jaribio jingine la dawa hiyo hiyo, hazimo. Katika vile viwanda sita, cha Afrika ni kimoja tu, nacho ni cha Misri.

Mpaka hapa mtu anaweza kuhitimisha kwamba adui ni hataza, ikiondolewa yote yatakuwa sawa. Toka Sagana uelekee mashamba ya mpunga ya Mwea, mwendo usiofika saa moja, uone kwa nini si hivyo.

Mifereji ya Mwea huchota maji ya mito ya Thiba na Nyamindi. Ndani ya maji hayo huishi konokono wanaobeba vijidudu vya kichocho cha tumbo. Mtoto akiingia mferejini kuoga au kupita, vijidudu hupenya ngozini, hukua kuwa minyoo katika mishipa ya damu ya utumbo, na mayai yao huharibu ini pole pole kwa miaka. Dawa ipo: praziquanteli, iliyogunduliwa Ujerumani miaka ya 1970 na kampuni za Merck na Bayer. Hataza yake ilikuwa tatizo la muda mfupi. Korea Kusini ya wakati ule, kama India, ililinda njia ya kutengeneza tu, na mwaka 1983 kampuni ya Shin Poong ikapata njia mpya iliyo rahisi zaidi, na bei ikaporomoka. Leo kidonge kimoja hugharimu senti chache za dola, hataza haipo, na Merck yenyewe imeahidi kugawa bure hadi vidonge milioni 250 kwa mwaka kupitia WHO.

Ilhali kwa zaidi ya miaka thelathini, mtoto wa Mwea mwenye umri wa miaka miwili hakuwa na dawa iliyotengenezwa kwa ajili yake. Kidonge cha miligramu 600 ni kikubwa, ni kichungu sana, na dozi zake hupangwa kwa ajili ya watoto wa shule na watu wazima. Watoto wadogo waliachwa nje ya kampeni za kugawa dawa, ingawa mama zao huwabeba mgongoni wakiwa shambani na huwaogesha kwa maji yale yale. Hakuna hataza iliyozuia kidonge cha watoto kutengenezwa. Hakuna aliyekitengeneza kwa sababu hakukuwa na wa kukinunua. Hataza humlipa mvumbuzi kupitia bei, na bei hudai mnunuzi. Pasipo na mnunuzi, hata miaka 100 ya hataza haimvuti mtu yeyote maabarani.

Kilichohitajika ni fedha zisizosubiri faida. Mwaka 2012 uliundwa ushirika wa kampuni, taasisi za utafiti na wafadhili, na taasisi yetu ya utafiti wa tiba, KEMRI, imo ndani yake. Wakachukua molekuli ya praziquanteli, ambayo huja katika maumbo mawili yanayofanana kama kitu na taswira yake kiooni, wakabakiza umbo moja linaloua minyoo na kuliondoa lile lenye sehemu kubwa ya uchungu. Wakatengeneza kidonge kidogo cha miligramu 150 kinachoyeyuka majini. Kikajaribiwa kwa watoto wa kuanzia miezi mitatu hadi miaka sita, Kenya na Ivory Coast. Desemba 2023 Shirika la Dawa la Ulaya likatoa maoni ya kukikubali, na mwaka 2024 WHO ikakiingiza katika orodha yake.

Katika ushirika huo yumo pia mtengenezaji wa hapa nyumbani, Universal Corporation ya Kikuyu, aliyejiunga ili ujuzi wa kukitengeneza kidonge hicho uletwe Kenya. Ni kiwanda kile kile ambacho TLD yake ilikaguliwa na kukubaliwa na WHO mwaka 2023, na ambacho mwaka 2025 Mfuko wa Dunia ulinunua TLD yake kwa ajili ya wagonjwa wa Msumbiji, mara ya kwanza mfuko huo kununua dawa ya msingi ya HIV iliyotengenezwa Afrika. Kemikali za dawa zenyewe kwa sehemu kubwa bado huagizwa kutoka India na Uchina. Umbali wa Kikuyu hadi Mwea hauzidi mwendo wa asubuhi moja kwa lori, molekuli inajulikana na ruhusa ipo. Kinachosalia ni mstari katika bajeti ya afya, ya kaunti na ya taifa, wenye jina la kidonge hicho na idadi ya watoto watakaokipata.